Kabla ya Kulipia Nyumba ya Ufukweni: Mambo Manne ya Kuhakiki

Tangu barabara ya Msata hadi Bagamoyo iwekwe lami, safari ya mkazi wa Lugoba kwenda pwani imekuwa nyepesi. Familia, kwaya na vikundi vya vikoba hupanga nyumba za ufukweni wakati wa sikukuu, na mara nyingi fedha hutumwa kwa simu kabla nyumba haijaonekana. Picha huonesha mchanga na maji. Haioneshi njia ya kuufikia mchanga huo wala tabia ya maji hayo. Mambo manne yahakikiwe mapema.

1. Njia ya kufika ufukweni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hata hivyo, nyumba iliyo nyuma ya viwanja vingine yaweza kukosa njia. Mpangaji aulize iwapo njia ni ya umma au hupita katika kiwanja cha mtu, na jibu alithibitishe kwa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji husika. Kwa upande wa Saadani, aulize pia kama atalazimika kulipa kiingilio cha Hifadhi ya Taifa.

2. Saa za maji

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvu, yaani siku zinazofuata mwezi mpevu na mwezi kuandama, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Fukwe za Bagamoyo ni tambarare, hivyo maji hurudi mbali na kuacha mafungu ya mchanga. Hapo ndipo penye hatari: maji yanaporejea hujaza kwanza mabonde yaliyo kati ya fungu na nchi kavu, na mtoto anayecheza mbele hujikuta amezingirwa. Watu warudi nchi kavu mara maji yanapoanza kujaa.

3. Mito

Ruvu na Wami humwaga maji katika ukanda huu. Wakati wa masika maji hayo huwa na tope, huficha kina na hubeba uchafu. Mto Wami una mamba na viboko. Nyumba iliyo karibu na mlango wa mto haifai kwa kuogelea.

4. Msaada

Mpangaji aulize kama yupo mwokoaji, na hospitali iko umbali gani. Namba za dharura ni 112, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Anayechukuliwa na mkondo asishindane nao. Aelee, aite msaada, kisha aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke mkondoni. Aliye nchi kavu amrushie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, asijitose ovyo.

Malipo yafuate majibu ya maswali haya, na makubaliano yaandikwe. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Fedha iliyopotea hutafutwa tena, uhai haurudi.