Moyo Mugonjwa, Kazi Imekwisha: Nyumba Itaishi Namna Gani?

Somo kwa wamama wa kliniki



Kila juma munafika hapa na watoto. Tunawapima kilo, tunawachoma sindano, tunapima na tansiyo ya wale wenye mimba. Lakini wengine kati yenu wako na muzigo mwingine ku nyumba: baba wa watoto amelala, miguu imevimba, pumzi ni fupi, na munganga amesema asirudie kazi yake. Wengine ni wamama wenyewe ambao moyo umechoka kisha kuzaa. Somo la leo ni kwa ajili yao, na kwa jirani zao pia, kwa sababu kesho inaweza kuwa zamu yako.

Mushike neno moja kubwa: ugonjwa wa moyo wa namna hii hautaki feza nyingi kwa siku moja. Unataka feza kidogo kila mwezi, kwa miaka mingi. Nyumba isiyojua jambo hili inauza shamba mwezi wa kwanza, na mwezi wa sita haina hata ya kununua kidonge.

1. Moyo unafanya kazi gani?

Moyo ni kama pompe. Kwa mutu muzima unapiga karibu mara 100 000 kila siku, na kila dakika unasukuma karibu litre 5 za damu, hata ukilala. Ukifanya kazi ya nguvu, unasukuma zaidi. Pompe ikichoka, damu haiendi vizuri, na maji yanabaki katika mwili: katika miguu, katika tumbo, katika mapafu. Ndiyo sababu mugonjwa anavimba, anakohoa usiku, na hawezi kulala bila mito miwili au mitatu.

Moyo unachokaje? Kuna njia nyingi. Tatu tunaziona sana:
- Tansiyo ya juu kwa miaka mingi bila dawa.
- Ugonjwa wa koo wa watoto usioponywa vizuri. Kisha maumivu ya koo, viungo vinaweza kuuma na kuvimba, na milango ya ndani ya moyo inaharibika. Mutoto mwenye koo linalouma sana pamoja na homa, mulete apimwe.
- Moyo wa mama unaolegea tangu mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi mitano kisha kuzaa.

Siyo uchawi, wala sumu ya jirani. Wengi wanapoona tumbo na miguu kuvimba wanasema: “Wamemupa kitu.” Halafu wanamupeleka kutapishwa, na feza ya dawa inaishia huko, na mugonjwa anazidi kulegea. Tena kunaanza uadui na jirani ambaye angeweza kuwasaidia.

2. Siyo uvivu

Tufikiri baba mumoja anayesukuma chukudu. Miaka kumi na tano ameshusha viazi na makala toka kilimani mpaka soko. Kila mutu anamujua kwa nguvu zake. Sasa akipanda kilima kidogo bila muzigo, anasimama mara tatu. Munganga anamwambia: “Chukudu basi.”

Watu wanaona mikono yake ingali minene, hana kidonda, hana bandeji. Wanasema: “Amekuwa muvivu, anakula jasho la bibi yake.” Mama, usikubali neno hilo katika nyumba yako. Ugonjwa wa moyo hauonekani inje. Mutu mwenye muguu uliovunjika, hakuna anayemutuma kubeba gunia. Huyu naye amevunjika, lakini ndani.

Tena mujue hili: akitumika dawa vizuri, kisha majuma kadhaa anaweza kujisikia muzuri. Hapo wengi wanaacha dawa na kurudia muzigo. Ni kosa la hatari. Anajisikia muzuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiondoa nguzo kwa sababu nyumba haianguki, nyumba itaanguka. Kuacha dawa au kurudia kazi ni jambo la kuuliza munganga, siyo la kujipimia mwenyewe.

3. Musiuze mbio

Mwezi wa kwanza ni mwezi wa woga. Jamaa wote wanafika, kila mutu ana shauri lake. Mumoja anajua munganga wa mbali, mwingine anajua dawa ya miti inayoponyesha kwa siku saba. Mbuzi inauzwa, kisha mashini ya kushona, kisha shamba.

Mbele ya kuuza kitu cho chote, muulize munganga maulizo haya matatu, na mumoja wenu aandike majibu:
- Ugonjwa huu unaweza kupona kabisa, ao ni wa kutunza siku zote?
- Dawa gani ni za lazima, na zinafika franka ngapi kwa mwezi? Kuna ya bei ndogo yenye kazi ileile?
- Kuna operasio inayoweza kumusaidia kweli? Kama iko, inafanywa wapi?

Kama jibu ni “wa kutunza siku zote,” basi shamba ni dawa. Shamba linatoa maharagi na mihogo kila mwaka. Mashini ya kushona inatoa feza kila juma. Vitu vinavyozaa musiviuze. Kama lazima kuuza, muanze na vitu visivyozaa: radio, viti vya wageni, nguo ya sikukuu.

4. Hesabu mupya ya nyumba

Mukae chini, baba na mama, na watoto wakubwa. Musingoje deni liwafundishe.

Kwanza: dawa. Tufanye mufano tu, bei yenu mutaiuliza ku farmasi ya hospitali. Kama dawa za mwezi ni franka 18 000, mutie franka 600 kila siku katika kopo lenye kufungwa. Kopo hilo halinunui sukari, halilipi deni, halikopeshwi kwa shemeji.

Pili: chakula. Hapa ugonjwa wenyewe unawasaidia kidogo. Mugonjwa wa moyo hatakiwi chumvi nyingi, kwani chumvi inashika maji katika mwili. Kwa siku nzima, chumvi yote isipite kijiko kidogo kimoja cha chai, ile ya kupikia pamoja na ile iliyo katika vyakula. Muache kibi cha mboga na samaki ya chumvi. Hiyo ni feza inayobaki. Sombe, lenga-lenga, maharagi na bugali ni vyakula vizuri. Mutie kitunguu, tomate na ndimu kwa utamu. Nyumba yote ikule hivyo: tansiyo itapunguka kwa wote, na baba hatakula peke yake kama mufungwa.

Tatu: masomo. Musitoe mutoto wa kike katika masomo mbele ya kuzungumuza na mukubwa wa masomo. Mara nyingine atakubali mulipe kidogo kidogo.

Nne: deni. Muandike yote, hata yale baba alificha. Mwende kwa wenye kuwadai mbele wao hawajafika kwenu. Mutu anayeona deni lake limeandikwa anangoja kuliko yule anayekimbiwa.

Na likelemba? Ni nzuri, lakini mujue kazi yake. Wamama 10 wakitoa kila mumoja franka 2 000 kwa juma, kila mumoja atapata 20 000 mara moja katika majuma 10. Hiyo inaweza kununua gunia la makala la kuuza rejareja. Lakini dawa haiwezi kungoja majuma 10. Likelemba ni ya kuanza biashara; kopo ni la dawa. Na kama kuna mutueli ya afya karibu yenu, muingie wakati mungali wazima, kisha muulize inalipa nini na hailipi nini.

5. Kama baba alikuwa na mukubwa wa kazi

Baba aliyefanya kazi yenye kuandikwa, ku kompani, ku masomo, ku duka kubwa, asitupe karatasi zake wala asiache kazi kwa kinywa tu. Sheria ya Kazi ya 2002 katika Kongo yetu inasema mufanyakazi mugonjwa anabaki mufanyakazi; wakati ule anapaswa kulipwa sehemu mbili kwa tatu za mushahara. Mukubwa anaweza kuvunja mapatano kisha miezi sita ya ugonjwa mufululizo, na lazima aandike barua. Kwa hiyo:
- Mupeleke karatasi ya munganga mbio, na mushike kopi.
- Baba asitie sahihi ku karatasi asiyoelewa. Mumoja anayejua kusoma aisome mbele.
- Muulize ku CNSS, ile iliyokuwa inaitwa INSS. Kwa sheria ya 2016, kuna pensioni ya mutu aliyepoteza nguvu za kazi kwa ugonjwa, kama alikuwa ameandikwa na michango ililipwa. Mufanyakazi wa serikali anaulizia ku CNSSAP.

Anayesukuma chukudu, anayelima, anayeuza soko, hana mukubwa wala CNSS. Kwake kopo, likelemba, jamaa na kanisa ndiyo pensioni yake. Ndiyo sababu tunasema tena: musiuze mbio.

6. Kazi nyingine kwa mikono ileile

“Chukudu basi” si sawa na “kazi yote basi.” Munganga akikubali, baba anaweza kushona, kutengeneza viatu, kusuka vikapo, kuchaji simu za watu, kukaa ku meza ya kuuza. Yule wa chukudu anajua njia zote, bei zote na wauzaji wote: anaweza kupanga biashara ya mwanawe ao ya bibi yake. Anaweza pia kukodisha chukudu yake kwa kijana na kupokea sehemu ya feza kila jioni. Chukudu ni kitu kinachozaa, musiigeuze kuni.

Atembee kidogo kila siku mahali pa tambarare, kadiri pumzi inamuruhusu. Kulala siku nzima kunalegeza mwili na kunaongeza mawazo. Na kazi ndogo za nyumba, kuchambua maharagi ao kushika mutoto, hazimuondolei heshima baba. Mama, umushukuru mbele ya watoto.

7. Huzuni pia ni ugonjwa wa kutunza

Mwanaume aliyekuwa analeta feza, sasa anaomba feza ya kunyoa. Moyo wake unauma mara mbili. Wengine wananyamaza, wengine wanakasirika juu ya chumvi kupunguka, kumbe hasira siyo ya chumvi. Usishindane naye saa ile. Kisha, mukiwa wawili, umwambie: “Baba watoto, najua unaumia juu ya kazi. Mimi sikuolewa na chukudu. Tufanye hesabu pamoja, ninahitaji akili yako.” Usimufiche feza, usimufiche deni. Mutu asiyeulizwa tena katika nyumba yake anaanza kufa mbele ya siku yake.

Na wewe mama, unaamuka mbele ya jua, unaenda soko, unarudi kupika, usiku unasikiliza pumzi yake. Kulia si zambi. Utafute mwenzako mumoja wa kumwambia yote. Mupange zamu na dada ao shemeji, ili ulale usiku muzima hata mara moja kwa juma. Watoto nao waambiwe kweli kwa maneno mafupi: “Baba ni mugonjwa wa moyo. Si kosa lenu.” Mutoto asiyeambiwa anafikiri kelele zake ndizo zilileta ugonjwa.

Mugonjwa asiyekula, asiyelala, asiyetaka kuona mutu kwa majuma mawili, ao anayesema “Afazali nife,” mumulete ku hospitali siku ileile. Dawa zake zishikwe na mutu mwingine, na asiachwe peke yake.

8. Kama mugonjwa ni mama mwenyewe

Moyo uliochoka kisha kuzaa unaweza kurudilia nguvu. Wamama wengine wanapona vizuri. Lakini mimba nyingine inaweza kuuangusha tena, na kuua. Usikubali mimba mbele munganga hajapima moyo. Mufike wawili, wewe na bwana wako, tuwaonyeshe njia ya kupanga uzazi inayofaa, kwani si kila njia ni nzuri kwa mwenye moyo mugonjwa. Na kama unakunywa dawa za moyo na unafikiri una mimba, uje upesi: dawa zingine zinaumiza mutoto katika tumbo.

9. Mukimbie hospitali kama munaona
- pumzi inakata hata akikaa, ao anaamuka usiku akitafuta hewa;
- kilo zimepanda 2 ao zaidi kwa siku tatu, na miguu inavimba upya;
- kifua kinauma kwa nguvu, ao anazimia;
- midomo inageuka ya bluu;
- kinywa kimepinda ao upande mumoja wa mwili umelegea gafula.

Tena, musimununulie dawa za maumivu za barabarani, kama diclofenac na ibuprofen. Zinashika maji katika mwili na kuharibu kazi ya dawa za moyo.

Maulizo ya kuzungumuza pamoja
1. Vitu gani katika nyumba yako vinazaa, na vitu gani havizai?
2. Kwa nini feza ya dawa isingoje zamu ya likelemba?
3. Katika mutaa wako kuna mutu anayeitwa muvivu, kumbe ni mugonjwa? Utamusaidia namna gani juma hili?

Mama, ukirudi nyumbani leo, tafuta kopo lenye kufungwa. Utie ndani franka za kwanza mbele jua halijatua. Na ukirudi hapa kwa kupima mutoto, ulete na fishi ya baba, tupime tansiyo yake pia.