Mtoto wa Mbwa Haachi Kuhara? Anza na Kopo, Si Kidonge

"Dada, jirani alinipa mtoto wa mbwa akiwa na wiki tano, tukamwita Bobi. Sasa ana miezi miwili na nusu, na tangu aje hajawahi kupata choo kigumu kwa wiki nzima. Nikimpa dawa ya minyoo anatulia siku mbili, kisha anarudi palepale. Nimejaribu maziwa, ugali na dagaa, wali, biskuti za mbwa, hata nusu kidonge cha dawa yetu ya kuzuia kuhara. Anacheza na anakula, ila mbavu zinahesabika. Mume wangu anasema nimrudishe alikotoka. Nifanyeje?"
— Nimechoka Kudeki, Kimara

Mdogo wangu, pole na deki. Mwambie shemeji avute subira. Mbwa anayecheza na kula bado yuko upande wetu. Kinachokuangusha ni kwamba umejaribu vitu vingi kwa wakati mmoja, na sasa hakuna ajuaye kipi kilisaidia na kipi kilizidisha. Kuhara ni dalili tu. Chanzo chaweza kuwa minyoo, vijidudu, chakula au virusi, na kila kimoja kina tiba yake. Kwa hiyo leo tunaacha kubahatisha, na wengine wote wenye watoto wa mbwa msogee hapa.

Tuanze na hiyo dawa ya minyoo inayofanya kazi siku mbili. Watoto wa mbwa wengi huja duniani na minyoo yao. Minyoo ya mviringo huvuka kutoka kwa mama wakiwa bado tumboni, na safura hupita kwenye maziwa wanayonyonya. Ndiyo maana madaktari wa mifugo huanza kutoa dawa mtoto akiwa na wiki mbili tu, wakarudia kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Kidonge cha leo huua minyoo iliyomo utumboni leo. Ile michanga ambayo bado inazunguka mwilini hushuka utumboni baadaye, na wewe unadhani dawa ilikuwa feki.

Kisha kuna wawili ambao dawa nyingi za kawaida za minyoo haziwagusi: giadia na koksidia. Hawa si minyoo, ni vijidudu vya seli moja visivyoonekana kwa macho. Mbwa huwapata kwa kunywa maji machafu au kulamba mahali penye kinyesi, na watoto waliotoka kwenye msongamano, au waliohamishwa ghafla kama Bobi wako, ndio huelemewa zaidi. Giadia ana tabia ya kukuchezea: leo choo kimeganda, keshokutwa ni uji wenye ute. Kwa maelezo yako, hao ndio ningewashuku mapema. Lakini kushuku si kupima.

Kwa hiyo nenda duka la dawa ukanunue kopo la sampuli, lile lenye kifuniko wanalotumia hospitalini. Chota kinyesi kibichi kiasi cha kijiko cha chai, kisichochanganyika na mchanga. Fanya hivyo siku tatu tofauti, kwa sababu giadia hatoki kwenye choo kila siku, na kipimo kimoja kinaweza kumkosa. Hifadhi mahali pa baridi bila kugandisha, kisha mpelekee daktari wa mifugo akiangalie kwa hadubini. Kama hana hadubini, muulize yeye hupeleka wapi sampuli zake. Kwa Dar, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wapo Temeke. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wasomaji wa Nairobi, ninyi mnayo maabara ya mifugo ya Kabete.

Ukifika kwa daktari, usiseme tu "anahara". Mpe habari. Choo kikiwa kingi, cha maji, na mbwa anakonda, shida mara nyingi iko utumbo mwembamba. Kikiwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, chenye ute au damu nyekundu mbichi, na mbwa anajikamua, ni utumbo mpana. Cheusi kama lami ni damu iliyokwisha kusagwa, na hapo safura ni mshukiwa mkubwa. Vipande kama punje za mchele karibu na mkundu ni tegu, na tegu huyo huletwa na viroboto, kwa hiyo dawa ya tegu bila kuua viroboto ni kazi bure. Ongeza na uzito. Mpime kila wiki kwenye mizani ileile, hata ya muuza mchele wa mtaani kwako. Mtoto wa mbwa anatakiwa kuongezeka kila wiki. Akibaki palepale, usikubali mtu akwambie ni kuhara kwa kawaida.

Sasa chakula. Maziwa ya ng'ombe acha leo. Yana sukari ya maziwa nyingi kuliko ya mama mbwa, na mtoto akishaachishwa kunyonya, tumbo lake hupunguza uwezo wa kuisaga. Sukari isiyosagwa huvuta maji utumboni, na hayo ndiyo unayodeki. Kwa siku tatu nne mpe kuku wa kuchemsha asiye na mfupa, ngozi, chumvi wala kitunguu, pamoja na wali laini: sehemu moja ya kuku kwa mbili za wali. Gawa milo minne midogo kwa siku, na maji safi yawepo muda wote. Choo kikiganda, mrudishe kwenye chakula chake taratibu kwa muda wa wiki moja: robo kwanza, kisha nusu, kisha robo tatu. Kuku na wali si chakula cha maisha, maana hakina kalsiamu ya kutosha kwa mifupa inayokua. Ugali mtupu nao hujaza tumbo tu. Ukimpa na dagaa, waoshe mchanga na chumvi kwanza. Utumbo na vichwa vya kuku vya sokoni vichemshwe hadi viive kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha.

Wapo watakaokwambia umfungishe siku nzima ili tumbo lipumzike. Kwa mbwa mkubwa daktari anaweza kushauri hivyo, lakini kwa kichanga ni hatari. Mwili wake hauna akiba, na sukari hushuka upesi hadi akatetemeka au kulegea. Ukiona hivyo, mpake asali kidogo kwenye fizi, kisha mkimbizeni kwa daktari.

Dawa za binadamu, mdogo wangu, zirudi kabatini. Ile ya kuzuia kuhara hufunga utumbo na kuvifungia vijidudu na sumu yao humohumo ndani, na kwa mtoto wa mbwa hata kipimo kinachoonekana kidogo chaweza kumlevya. Flagyl ya kukata kwa wembe ni vilevile: ikizidi hugusa mishipa ya fahamu, ikipungua haimalizi kitu. Na kwa wale wanaochoma ivermectin ya ng'ombe kutoka duka la pembejeo, kumbukeni dawa hiyo ilipimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Kosa dogo la kipimo kwa mbwa wa kilo tatu laweza kuwa sumu.

Pia tibu nyumba pamoja na mbwa. Giadia hung'ang'ania manyoya, mbwa anajilamba, anameza upya, na wewe unalalamikia dawa. Zoa kinyesi mara tu kinapodondoka. Mwoshe sehemu za nyuma na umkaushe vizuri. Vyombo vyake visuuzwe kwa maji yanayochemka, na matandiko yaanikwe juani hadi yakauke kabisa. Zaidi ya hapo kuna watoto wako. Mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo anayezoa kila siku amekata mzunguko. Mtoto akiyameza, minyoo hiyo huweza kusafiri mwilini mwake hadi kwenye jicho. Safura nayo hupenya nyayo zilizo peku. Mikono kwa sabuni, viatu miguuni.

Kuna hali zisizosubiri kopo wala wali. Mbwa akitapika na kuhara kwa pamoja, akitoa damu yenye harufu kali, akikataa chakula, fizi zikiwa nyeupe, au ukivuta ngozi ya mgongoni ikachelewa kurudi, ondoka saa hiyohiyo. Hiyo yaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi, na kijibwa kisichopata matibabu huweza kufa ndani ya siku chache. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, kwa sababu kinga aliyopewa na mama huweza kuizima chanjo ya mwanzo. Sindano moja haitoshi. Na kama parvo ilishapita uani kwako, usilete mtoto mwingine asiyechanjwa. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, na sabuni haiviui. Sakafu iliyokwisha kuoshwa ipigwe dawa ya jiki, sehemu moja kwa thelathini za maji.

Ikiwa umemaliza dozi sahihi, chakula kimoja, usafi wa kila siku, na bado choo hakigandi, rudi kwa daktari umwombe apekue zaidi: mzio wa chakula, kongosho, ini. Rudi kwake yuleyule mwenye kumbukumbu zako, usianze upya kwa mwingine kila wiki.

Bobi asirudishwe, Nimechoka Kudeki. Kesho asubuhi nunua kopo kabla ya kununua kidonge kingine chochote. Na wewe jirani unayegawa watoto wa mbwa wa wiki tano, waache kwa mama yao mpaka wafikishe wiki nane, na wape dawa ya minyoo kabla hawajatoka getini kwako.