Mteja Halipi Baki: Je, Nimfungie Tovuti?

*Mimi ni mwandishi wa kujitegemea hapa Thika, na pia hutengeneza tovuti. Mfanyabiashara mmoja wa Ruiru alinipa arbuni nikamfanyia kazi. Sasa kila wiki analeta mabadiliko mapya, na baki ya ujira halipi. Je, nimfungie tovuti? (Msomaji, Thika)*

Ndugu msomaji, ghadhabu yako ina haki, lakini kufunga tovuti ambayo jina lake la .co.ke limesajiliwa kwa mteja mwenyewe kwaweza kukugeuza wewe, mdai, kuwa mdaiwa. Asili ya udhia huu, kwa kadiri ya barua yako, si ubahili wa mteja peke yake, bali ni mapatano yasiyoweka mpaka, yaani kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, malipo lini. Na penye pengo hilo mteja huona (wala simlaumu sana) kwamba kazi haijaisha, basi alipe nini?

Mwandikie kwa adabu, umtajie kazi iliyokamilika, fedha zilizobaki na tarehe ya mwisho, na ukatae kila nyongeza isiyo na bei yake. Hifadhi jumbe za WhatsApp na za M-Pesa, kwani huo ndio ushahidi wako. Akizidi kunyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, Thika, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ambayo sheria yataka yaamuliwe ndani ya siku 60, na ambako waweza kujisimamia bila wakili. Mteja ajaye, mkabidhi nywila ya tovuti baada ya malipo yote kuingia.