Msamaria Hakuuliza

Somo: Luka 10:25-37.

Hapa Lushoto, kijana akirudi kutoka Dar au Tanga ameshazama kwenye unga, tunamwita teja, basi. Mimi nauliza: Msamaria alimhoji yule majeruhi? Hapana. Alifunga majeraha kwanza.

Katekisimu (namba 2291) iko wazi: kutumia dawa za kulevya ni kosa zito. Lakini kuchangia sindano huambukiza Virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Ndiyo maana kule Temeke, Médecins du Monde waligawa sindano safi. Muhimbili nayo ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, inayozuia arosto.

Utasema, "Si ndiyo kumruhusu aendelee?" Swali zuri. Jibu langu: aliyekufa hana nafasi ya kutubu. Anayebaki hai leo anaweza kuungama kesho.

Zoezi la wiki: usiseme teja, mwite kwa jina lake. Na kwa kuwa dawa ni ya kila siku na kushuka mlima ni hela, jumuiya ichangie nauli yake.

Bwana, utupe moyo wa Msamaria. Amina.