Aya Saba kwa Nusu Saa

Wengi wetu husoma Biblia mbiombio, tumalize sura tuweke alama. Ukitaka Neno lifike kwenye hasira, woga na tamaa zako, ipo njia ya zamani iitwayo lectio divina, yaani kusoma huku unasali. Wamonaki Wabenediktini wameishika tangu karne ya 6. Katika karne ya 12 Guigo wa Pili, mmonaki wa Ufaransa, aliipangia ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali na kutulia mbele za Mungu.

Unahitaji nini? Biblia na daftari, basi. Kama huna Biblia, ulizia bei kwenye duka la Chama cha Biblia au la vitabu vya kanisa. Kwenye simu zipo programu za bure, na nyingine husomeka bila bando ukishapakua. Kiswahili cha tafsiri ya Union Version kikikulemea, chukua ile ya Habari Njema.

Uanzie wapi? Usianze na Ufunuo, tafadhali. Fungua Marko 10, aya ya 46 hadi ya 52: Bartimayo, kipofu ombaomba wa Yeriko. Soma kwa sauti, polepole, kisha rudia. Neno likikunasa, simama hapo hapo. Labda ni umati unaomkaripia anyamaze, labda ni vazi analolitupa. Wapo wanaokimbilia kusema upofu wake ni mfano tu wa roho iliyolala. Haraka hiyo siiafiki. Mwache kwanza Bartimayo awe kipofu mwenye njaa, ndipo ujitazame wewe. Yesu anamuuliza anataka afanyiwe nini. Lijibu swali hilo kwa sentensi moja, bila kuipamba. Ukigundua unachotaka ni mwenzio abadilike, andika hivyo hivyo, na sala ianzie hapo. Kisha funga kitabu, ukae kimya dakika tano. Mawazo ya ada ya shule yatakuja. Usigombane nayo, rudi kwenye neno lako.

Utajuaje kama unabadilika? Usingoje kusikia sauti. Kabla ya kuinuka, chagua tendo moja lenye mtu na saa yake, mathalani kumpigia simu kabla ya adhuhuri ndugu uliyemnunia. Jioni andika kama ulilifanya.

Ukikwama, zungumza na padri, mchungaji au wenzako wa jumuiya. Abasia za Wabenediktini nchini Tanzania, kama Peramiho na Ndanda, hupokea wageni. Piga simu kwanza uulize nafasi na gharama. Na huzuni ikikaa wiki kadhaa, au usingizi ukikukimbia, nenda pia kituo cha afya ukamwone daktari.