Mifupa Inabanwa, Fashia Inavutwa: Namna Mwili Unavyosimama



Ukiuliza mutu ni kitu gani kinachosimamisha mwili, atajibu mbio: mifupa. Katika darasa tunachora ile mifupa 206 ya mutu muzima, tunaandika majina, tunaona kazi imekwisha. Lakini muangalie ule mufano wa mifupa unaowekwa katika laboratwari. Ukitoa nyaya na kile chuma kinachoushika, yote inaanguka chini kama muzigo wa kuni. Basi ndani yetu kuna kitu kingine kinachoshika.

Yule aliyechuna mbuzi amekwisha kukiona. Ni ile ngozi nyeupe, nyembamba, yenye kung'aa, inayofunika nyama. Wapishi wanaitupa. Jina lake ni fashia. Inazunguka kila musuli, inaingia hata katikati ya nyuzi zake, kisha mwishoni inaungana na kano, na kano inashikamana na mufupa. Hakuna mahali unapoweza kusema: hapa fashia imekatika. Imefanywa hasa na kolajeni, uzi wenye nguvu sana ukivutwa, lakini ukisukumwa unajikunja tu. Ndani ya mufupa kuna kolajeni vilevile, lakini pamoja nayo kuna madini ya kalsiamu na fosfati, na kwa hiyo mufupa unavumilia kubanwa na uzito. Mujaribu wenyewe: mutie mufupa mwembamba wa kuku katika siki kali kwa siku kadhaa. Madini yatatoka, na mufupa utapindika kama mupira.

Sasa tuangalie gurudumu la kinga. Reyo moja peke yake ni waya mwembamba, ukiisukuma inapinda. Lakini zote zikikazwa pamoja, gurudumu linabeba mutu na gunia la makala. Reyo zinavuta, ule muzunguko wa chuma unabanwa, na nguvu hizo mbili zikiwa sawa, gurudumu linakaa duara. Reyo moja ikilegea, ubaya hauonekani pale tu, gurudumu zima linaanza kuyumba. Katika mwaka 1948 Mmarekani mumoja, Kenneth Snelson, alianza kutengeneza sanamu za namna hiyo, vyuma visivyogusana vikisimamishwa na kamba za chuma tu. Mnara wake wa mwaka 1968 ulio Washington una urefu wa mita 18 hivi. Mwalimu wake Buckminster Fuller alitungia jambo hilo jina la tensegriti.

Wengine wanasema mwili wetu ni tensegriti kamili. Mimi naona wanapita kiasi, sababu katika goti na nyonga mifupa inakandamizana kweli, gegedu ikiwa katikati. Lakini kwa bega wana haki. Mufupa mupana wa bega umefungwa na kifua kwa mufupa mumoja tu wa mbele, ule mwembamba unaoushika chini ya shingo. Nyuma, misuli ndiyo inaushika. Na kale kafupa kadogo ka kooni, chini ya ulimi, hakagusani na mufupa mwingine hata mumoja. Kananing'inia tu.

Kwa mugongo jambo hili ni la maana zaidi, na ninaomba wale wanaopanga zamu za maji wasome vizuri. Chini ya mugongo kuna fashia nene. Musuli mupana unaotoka mukono wa kushoto na musuli mukubwa wa tako la kuume inakutana hapo, kwa njia ya msalaba. Tukitembea, mukono wa kushoto unakwenda mbele pamoja na muguu wa kuume: mwili unakazwa kwa mushazari, hauzunguki ovyo.

Sasa tufanye hesabu ya wenzo, kama katika fizika. Bido la litre 20 lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Ukiinama na kulishika mbali, santimeta 40 kutoka uti wa mugongo, misuli ya nyuma yenyewe iko karibu santimeta 5 tu kutoka katikati ya uti. 40 kugawanya kwa 5 ni 8. Basi misuli inapaswa kuvuta mara nane: kama kilo 160, na hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa. Nguvu hiyo yote inabana mifupa ya kiuno na zile sahani laini zilizo katikati yake. Ukilivuta karibu, santimeta 20, hesabu inashuka kuwa kilo 80. Bido ni lilelile.

Mama zetu walijua hayo pasipo fizika. Muzigo wa kichwani uko juu ya uti sawasawa. Muzigo wa mugongoni wenye mukanda kwenye paji la uso unamufanya mutu ainame mbele, mupaka uzito uwe juu ya nyayo. Mwaka 1986 wataalamu waliandika juu ya wanawake wa Kenya, Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wenye mukanda: waliweza kubeba muzigo mupaka asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya mutu asiyebeba kitu. Lakini musisahau ile asilimia 20, na wale walizoea tangu utoto. Kwa mutoto wa kilo 40 ni kilo 8. Bido lililojaa ni nusu ya mutoto mwenyewe! Mabido ya litre 5 yako.

Sasa muguu. Una mifupa 26, na chini yake fashia inavutwa kutoka kisigino mupaka vidole, kama kamba ya upinde. Mwenzako asimame, wewe uinue kidole chake kikubwa: utaona upinde wa wayo unapanda. Mwingereza Hicks alieleza jambo hilo mwaka 1954. Ndivyo muguu unavyokuwa mugumu wakati wa kusukuma udongo.

Fashia na ligamenti zina mishipa ya fahamu pia, inayoambia ubongo kiungo kiko namna gani. Ndiyo sababu muguu ulioteguka katika mupira unateguka tena kwa upesi, hata uvimbe ukiwa umekwisha: habari hazifiki vizuri. Uvimbe na maumivu yakipungua, ujizoeze kusimama kwa muguu ule mumoja, karibu na ukuta, nusu dakika, mara kadhaa kila siku. Kisha ufumbe macho. Utasikia kano za kifundo zikivuta huku na huku bila kupumzika.