Nia Njema Nayo Hupimwa

Mwaka 1976 wafungwa wa kifungo cha maisha katika gereza la Rahway, New Jersey, Marekani, walianza kuwatisha vijana watukutu walioletwa kuwaona, ili wauogope uhalifu. Wengi walisifu kazi hiyo. Ndipo mtafiti James Finckenauer akawalinganisha vijana hao na wenzao wasiopelekwa. Katika miezi sita, kati ya 46 waliopelekwa, 19 walifanya makosa. Kati ya 35 wasiopelekwa, 4 tu.

Basi tunapozuru magereza na kufundisha, tusiridhike na machozi wala ahadi. Tujiulize: je, tuliowafundisha hurudi kifungoni wachache kuliko wenzao tusiowafundisha? Tusipolinganisha, twaweza kudhuru huku tukidhani tunaponya.